Kabla ya dodoso: kufanya utafiti wa afya ya akili pamoja na wazee wa kijiji

"Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya shughuli zako?"

Kijana aliyeuliza alikuwa ameshika tableti. Bibi aliyeulizwa alikuwa anachambua mchicha kwenye ungo, wala hakuinua kichwa. "Hamu ipo, mjukuu wangu," alisema. "Magoti ndiyo hayapo."

Kijana akabonyeza "karibu kila siku". Hizo ni alama 3. Ukiwa na majibu 40 ya namna hiyo, unaondoka kijijini na takwimu zinazosema wazee wana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu, kumbe wana magoti mabovu na maji yako mbali.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa kijana yule, na kosa lilikuwa langu. Dodoso tulilitafsiri ofisini, mtu mwingine akalirudisha kwenye Kiingereza kama taratibu zinavyotaka, tukalinganisha, tukaridhika. Hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa ameliona. Mwongozo huu ni utaratibu ninaoufuata tangu siku ile. Nimemwandikia mtafiti anayeanza, lakini hata katibu wa baraza la wazee au kikundi kinachofuatwa na chuo kikuu ausome, ajue cha kudai kabla hajagonga muhuri.

Hatua ya 1: Nenda mikono mitupu

Kawaida watafiti hufika kijijini andiko la mradi likiwa limeshaandikwa, bajeti imeshapita, na wanachotaka ni barua ya kuungwa mkono. Wazee wanasaini kwa sababu ni watu wa heshima na mgeni hafukuzwi. Huo si ushirika.

Nenda mapema, miezi kadhaa kabla ya andiko. Usibebe karatasi yoyote yenye orodha ya majina. Ukionekana na orodha na kalamu, wewe ni TASAF, mfuko wa serikali unaozisaidia kaya maskini, na kufikia jioni kaya zote zitakuwa zimejiandaa kueleza umaskini wao. Kaa na wazee wanaume mahali wanapokaa, kwenye bao au nje ya msikiti baada ya alasiri. Kaa na bibi zao mahali pengine na siku nyingine. Uliza mambo matatu tu: uzee wa hapa una uzito gani, nani anamtazama mzee akishindwa kujitazama, na kama tungejua jambo moja la uhakika kuhusu hali za wazee, mngelifanyia nini. Swali la tatu ndilo litakalokuonyesha mradi wako unapaswa kuwa mradi gani.

Mfano ninaopenda kuwasimulia wanafunzi ni wa Harare. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alipewa bibi 14 wa mtaa wa Mbare wafanye naye kazi, kwa kuwa hapakuwa na wauguzi wa kutosha wala vyumba. Wazo lilikuwa kuweka mabenchi nje ya zahanati, bibi akae na mwenye shida, wazungumze. Benchi la mwanzo liliitwa benchi la afya ya akili, na watu wakaliogopa. Bibi wale ndio waliosema jina libadilishwe, likawa Benchi la Urafiki. Ndio pia waliosisitiza litumike neno la Kishona ambalo watu wanalisema wenyewe, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, badala ya majina ya vitabuni. Mwaka 2016 matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 yalichapishwa: waliokaa kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mtindo huo umeshafika Malawi na Zanzibar. Wagonjwa wa mabenchi yale wengi si wazee. Wazee ndio waganga. Lakini jina lililofanya kazi nzima ikubalike lilitoka kwa bibi, halikutoka kwa daktari, na kama angeenda kwao na andiko lililokwisha asingelipata.

Ukirudi ofisini, weka kwenye bajeti vitu vinavyosahauliwa: nauli na posho za kamati ya wazee, chai na vitafunwa, mtu wa kumshika mkono mzee asiyeona, na fedha za kurudi kutoa matokeo. Hizo za mwisho zitenge tangu siku ya kwanza. Zikiachwa "tutaona baadaye", hazitaonekana.

Hatua ya 2: Vibali

Sitakaa sana hapa maana kila taasisi ina mtu anayejua njia hii kwa macho yaliyofumba. Tanzania Bara, utafiti wa afya unapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Zanzibar kuna taasisi yake ya utafiti wa afya, ZAHRI. Kenya unahitaji kamati ya maadili iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukitoka hapo unashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, kata, kijiji, kitongoji. Zanzibar usimruke sheha. Kenya usimruke chifu na wazee wa mtaa.

Jambo moja tu. Barua ya mkurugenzi inakufungulia ofisi ya mtendaji, lakini haikufungulii mlango wa mzee. Mlango huo unafunguliwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, imamu, katekista, au yule mama anayeongoza kikundi cha vikoba. Wafuate hao kabla gari la mradi halijaonekana kijijini, si baada.

Hatua ya 3: Kamati ya wazee yenye meno

Unda kamati ndogo, watu 8 au 10. Ukimwachia mwenyekiti wa kijiji achague, utapata wanaume 7 wenye fimbo nzuri na mwanamke mmoja ambaye ni mke wa mmoja wao. Omba nafasi kwa majina ya hali, si ya watu: mjane anayeishi peke yake, bibi anayelea wajukuu walioachwa, mzee asiyejua kusoma, mzee mwenye ulemavu, mstaafu wa serikali (yupo kila kijiji, na atakusaidia sana kuandika muhtasari), na walau walezi wawili wanaomtunza mzee aliyepoteza kumbukumbu. Walezi wengi ni mabinti na wakamwana. Hao ndio wanaojua mambo ya usiku.

Meno ya kamati ni haya: iwe na uwezo wa kukataa swali, kubadilisha muda, na kusimamisha kazi ikiona wazee wanaumizwa. Yaandikwe, ukurasa mmoja, Kiswahili cha kawaida. Waandike humo pia nani anamiliki taarifa, nani ataziona, zitakaa wapi na kwa muda gani, na matokeo yatarudi mwezi gani. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya ina yake ya 2019; zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa ni nyeti. Kamati ikijua hivyo inauliza maswali makali, na ni vizuri.

Posho iwe sawa kwa wote. Ukimpa mstaafu zaidi kwa sababu ameandika muhtasari, kikao cha pili kitakuwa cha kununiana.

Hatua ya 4: Maneno, maneno, maneno

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo wafadhili wanapouliza kwa nini tunachelewa.

Anza na jina la kazi yenyewe. Ukisema "utafiti wa afya ya akili" kwenye mkutano wa kijiji, mtu wa nyuma atasema "Mirembe", watu watacheka, na tangu hapo hakuna mzee atakayetaka gari lako lisimame uani kwake. Zanzibar watasema Kidongo Chekundu, Nairobi watasema Mathari. Hospitali hizi za wagonjwa wa akili zimebeba kazi kubwa kwa miaka mingi, Mirembe tangu 1927, lakini majina yao yamekuwa matusi ya mtaani. Kamati niliyofanya nayo kazi mara ya mwisho ilichagua "maisha ya uzeeni". Sawa, ila angalia: jina laini lisiwe la kuficha. Kwenye ridhaa sema wazi kwamba utauliza kuhusu huzuni, mawazo, usingizi na kumbukumbu.

Kisha fanya baraza la maneno. Usiwaulize wazee "sonona mnaiitaje". Wengi wanalijua neno hilo kwa redio tu. Wasimulie mtu. "Kuna mama, miaka 72. Zamani alikuwa wa kwanza kwenye shughuli za watu. Siku hizi hatoki, chakula anakisukuma, ukimsalimia anaitika kwa mbali. Haumwi homa. Hapa kwenu mtu huyo mnasema ana nini?" Kisha nyamaza, andika. Utasikia ana mawazo, ana majonzi, roho imechoka, amekata tamaa, amefanyiwa kitu, ni upweke. Simulia na wa pili, mzee anayeuliza jambo lile lile mara 5 kabla ya mchana na kupotea njia ya kisimani. Utasikia amerudi utotoni, anasahausahau, na jibu litakalokuja kuliko yote: ni uzee tu.

"Ni uzee tu" ndilo neno litakalokusumbua zaidi katika kazi hii. Familia inayoamini hivyo haimleti mzee zahanati, na mganga wa zahanati naye akiamini hivyo anamrudisha na panadoli. Lakini si kila mzee hupoteza kumbukumbu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 6 wakawaona wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya hesabu kusawazishwa kwa umri, waliokutwa na demensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu, walikuwa kama 6 katika kila 100. Maana yake wazee walio wengi hawana, na walio nayo wana ugonjwa.

Sasa chukua dodoso, swali moja baada ya jingine, mbele ya kamati. Tuseme ni PHQ-9, lile la maswali 9 linalotumika sana kupima sonona na ambalo tafsiri zake za Kiswahili zipo tayari. Swali la usingizi: mwanaume wa miaka 75 anaamka mara 4 usiku kwa sababu ya tezi dume. Swali la hamu ya kula: meno yamebaki manne. Swali la kukosa nguvu: analima heka moja kwa jembe la mkono. Swali la kushindwa kutulia unaposoma gazeti au kutazama televisheni: gazeti gani? Kamati yetu ilipendekeza "unaposikiliza taarifa ya habari redioni, au mawaidha", na likaeleweka mara moja. Usibadilishe maswali ya kipimo kiholela, maana ukishayabadilisha huwezi kulinganisha na wengine. Unachoweza ni kuweka mfano wa mahali pale, na chini ya kila swali la mwili ukaongeza swali dogo la "kwa nini", ili jibu la magoti lisihesabiwe kama jibu la moyo. Kisha yapime upya maswali hayo kwa wazee wachache, ukilinganisha na maoni ya daktari aliyewaona wazee hao hao.

Na "wiki mbili zilizopita" ni nini kwa mtu asiyetumia kalenda? Sisi tulisema "tangu gulio la juzi lile, magulio mawili yaliyopita". Umri nao vivyo hivyo. Usiulize mwaka wa kuzaliwa ukaandika chochote anachosema. Uliza kwa matukio: Uhuru ulikukuta ukiwa mkubwa kiasi gani? Wakati wa operesheni vijiji ulikuwa umeolewa? Vita vya Kagera vilipoanza, 1978, ulikuwa na watoto wangapi? Mzee atakupa hesabu safi kuliko ya kitambulisho chake.

Vipimo vya kumbukumbu vina mtego mwingine, shule. Vingi vilivyotoka Ulaya na Marekani vinamtaka mtu achore, asome, ahesabu kwa kurudi nyuma. Mzee ambaye hajawahi kushika kalamu anafeli, si kwa sababu amesahau, bali kwa sababu hakufundishwa. Kazi ya Hai ilizaa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, maswali 6, alama 15. Ndani yake mpimaji anapanga njiti 4 za kiberiti kwa umbo fulani, na mzee anapanga zake zifanane. Njiti za kiberiti kila mtu amezishika. Anaulizwa pia daraja ni nini, leo ni siku gani, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, akumbuke maneno aliyosomewa mwanzoni, na kiongozi wa kijiji ni nani.

Hilo la kiongozi liangalie kwa makini baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa. Nimekaa na mzee aliyetaja jina la mwenyekiti aliyeshindwa. Mdodosaji akaweka sifuri. Mzee akaliona lile tendo la kidole, akacheka: "Huyo mpya namjua. Simtambui." Tulimrudishia alama yake.

Hatua ya 5: Nani atauliza

Tafuta wadodosaji wa umri wa kati, miaka 35 hadi 50, waliozaliwa tarafa ile ile lakini si kijiji kile kile. Wa kijiji kile kile anajua mengi mno, na mzee hatamwambia kwamba mwanawe anamnyima chakula, kwa sababu mwanawe huyo ndiye rafiki wa mdodosaji. Wa mbali mno hajui kwamba kukaa kwenye kiti huku mzee yuko mkekani ni kosa.

Bibi aulizwe na mwanamke. Mkwe asimdodose mkwe, hata kama ndiye pekee mwenye diploma. Shikamoo itoke kwanza na marahaba ipokelewe, kisha habari za nyumbani, za watoto, za shamba, mpaka mzee mwenyewe aseme "haya, mwanangu, umekuja na lipi?" Mafunzo ya siku 5 yanatosha kwa tableti, hayatoshi kwa hili. Waweke wadodosaji wafanye mazoezi mbele ya kamati, na kamati iwape alama. Nimeona kijana mwenye shahada ya uzamili akikataliwa na bibi watatu kwa kauli moja: "Huyu anauliza kama askari."

Hatua ya 6: Ridhaa

Dole gumba kwenye karatasi si ridhaa. Ni wino. Soma maelezo kwa vipande, kisha mwombe mzee akueleze wewe: "Nikirudi nyumbani nikaulizwa nilikuja kwako kufanya nini, niseme nini?" Akieleza kwa maneno yake kwamba ni maswali, hayana malipo ya kila mwezi, anaweza kukataa na hakuna dawa atakayonyimwa kwa kukataa, endelea, na shahidi asiye wa mradi aweke sahihi pale mzee asiyejua kusoma anapoweka dole. Akisema umekuja kumwandikisha pensheni, rudi mwanzo. Zanzibar, ambako tangu 2016 kila mwenye miaka 70 na zaidi ana haki ya pensheni jamii, mkanganyiko huu ni wa kila siku. Usiende kabisa siku ya malipo.

Kwa mzee ambaye kumbukumbu imemtoka, mlezi anaweza kuridhia kwa niaba yake kama kibali chako kinaruhusu, lakini mzee akigeuza uso au akisema "niache", umekataliwa. Saini ya mwanawe haifuti hilo.

Na hapa kuna jambo ambalo fomu za vyuo hazilitaji. Mzee mwenye demensia hutoka usiku, hupotea, huweza kukutwa hana nguo uani kwa jirani. Mtaani picha hiyo ina jina moja: mchawi. Usukumani bibi wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa jikoni wa miaka 50. Kilifi wazee wenye mvi wamekuwa wakituhumiwa na jamaa zao wenyewe, mara nyingi nyuma yake kukiwa na shamba, na huko Ganze kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kimbilio lao. Kwa hiyo usibandike stika mlangoni. Usichore alama ya chaki. Ramani yako ya simu isionyeshe nyumba ya mtu. Matokeo ya kipimo cha kumbukumbu yasisomwe mbele ya wakwe na majirani, na usiseme "huyu amefeli". Mwambie mzee mwenyewe na mlezi aliyemchagua yeye, faraghani, kwa neno la ugonjwa: kuna ugonjwa wa ubongo, una dalili hizi, haukuletwa na mtu.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Asubuhi, kabla ya jua kali. Si Ijumaa mchana, si Jumapili asubuhi, si wiki ya kupanda, si siku ya gulio, na Ramadhani ahirisha. Kukiwa na msiba, funga tableti, nenda mazikoni na wewe.

Uliza kwanza kama anasikia vizuri, na sikio lipi. Kaa upande huo. Nusu ya "amesahau" nilizowahi kuzikagua zilikuwa "hakusikia". Fukuza watoto kwa upole, na mkamwana anayejibia mpe kazi ya kuchemsha chai. Dakika 40 zikipita mpumzishe mzee. Usiende zaidi ya wazee 4 kwa siku kwa mdodosaji mmoja, hata mratibu wa mjini akipiga simu kuuliza lengo.

Mzee uliyemwona juzi yuko sawa, leo anaweweseka na hakutambui? Hiyo si demensia, demensia haiji kwa siku mbili. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari, kiharusi. Acha dodoso, tafuta usafiri.

Hatua ya 8: Swali la tisa

Swali la mwisho la PHQ-9 linauliza kuhusu kufikiria kwamba ni bora ufe, au kujidhuru. Usilipeleke kijijini kabla hujajua majibu ya mambo haya: mdodosaji atampigia nani saa ile ile, nani atafika, kwa usafiri gani, zahanati ina dawa gani na kama haina ipo wapi, na nani atalipa nauli ya mzee na mlezi. Nimeshiriki utafiti ambao mpango wa rufaa ulikuwa sentensi moja: "watapelekwa kituo cha afya cha karibu". Kituo kilikuwa kilomita 19, na hakikuwa na mtu wa afya ya akili. Mzee tuliyempeleka alirudi siku hiyo hiyo na bodaboda kwa hela yake.

Wazee wengi watajibu, "Nasubiri siku yangu", au "Mungu akinichukua nitashukuru". Hiyo ni lugha ya mtu mzima mwenye imani, na si lazima iwe hatari. Wafundishe wadodosaji swali la kufuata, kwa sauti ya chini: "Unasubiri, au umewahi kufikiria kuiharakisha?" Mzee ataielewa tofauti hiyo. Akinyamaza muda mrefu, usijaze ukimya. Akisema ndiyo, hakuna swali jingine siku hiyo. Kaa naye mpaka mtu aje.

Siri hapa ni nzito kuliko kawaida. Tanzania Bara, kujaribu kujiua bado ni kosa kwa kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na katiba, ila hofu vijijini haijaisha kwa hukumu. Elezana na mtendaji na polisi jamii mapema, kwa jumla na bila majina, kwamba mzee atakayesaidiwa anapelekwa hospitali, si kituoni.

Wadodosaji nao ni watu. Kila jioni kaa nao nusu saa, mtu aseme alichosikia. Anayesema "mimi niko sawa tu" siku tatu mfululizo, mpumzishe.

Hatua ya 9: Kurudi

Rudini kabla ya kuchapisha. Kwanza kwa kamati, kwa sababu inaweza kukwambia umesoma vibaya. Tuliwahi kuona wazee wa kitongoji kimoja wana hali mbaya kuliko wote, tukaandika kurasa mbili kuhusu upweke. Kamati ikatuuliza mlikwenda lini. Tukataja mwezi. "Ndio mwezi ule kivuko kilizama na maji, watoto wao hawakuweza kuja." Kurasa mbili zikawa aya moja, yenye ukweli zaidi.

Kisha mkutano wa kijiji. Bila projekta. Tumia mahindi: rundo la punje 100, ondoa hesabu ya walio na dalili, waone wenyewe. Usitaje kitongoji kinachoongoza kwa lolote, wala kwa jema. Baada ya hapo zungumzeni kinachowezekana kwa hela ndogo. Hai walijaribu vikundi vya kuchangamsha akili kwa wenye demensia, kwa michezo, nyimbo na mazungumzo ya mambo wanayoyajua, na kinachohitajika hapo ni mahali pa kukaa na mtu aliyefundishwa. Vijiji vingine vimetaka kitu rahisi zaidi: wazee waandikiwe vitambulisho vya matibabu, ili dirisha la wazee hospitalini liwe na maana kwao. Kama mradi wako unaweza kumpa mstaafu wa kamati siku mbili na nauli ya kufuatilia hilo wilayani, mpe.

Acha ripoti fupi, Kiswahili, kurasa zisizozidi 4, herufi kubwa. Nakala moja kwa mtendaji, moja zahanati, moja kwa katibu wa kamati. Ile ya mtendaji itapotea akihamishwa. Ndiyo maana ziko tatu.